Mbegu za viazi mviringo kwa bustani ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kutoka Uyole

Nina bustani nyuma ya nyumba, hapa Uyole, Mbeya. Si kubwa. Kila ikifika Septemba majirani, wenzangu wa kanisani na wengine nisiowafahamu hunisimamisha getini wakiuliza mambo yaleyale: mbegu ya viazi inapatikana wapi, inauzwaje, nitajuaje kama nzuri. Nimeyaandika hapa ili nisiendelee kuyarudia huku chai inapoa ndani. Majibu ni ya mtu wa bustani. Mwenye ekari kumi Uporoto ana hesabu zake nyingine, ingawa mengi yatamfaa na yeye.

Nikinunua viazi vya kula Mwanjelwa nikaviacha vikaota, si ndiyo mbegu hiyo hiyo?

Vitaota, na mara nyingine utavuna vizuri tu. Ndiyo maana swali hili haliishi.

Shida ni kwamba kiazi si punje ya mahindi. Punje ni mtoto, amezaliwa upya. Kiazi ni kipande cha mama mwenyewe. Kama shina lile lilikuwa na virusi, au bakteria wa mnyauko, au minyoo fundo, basi vimo ndani ya kiazi au vimeng'ang'ania ngozi yake, na wewe unavipeleka kwenye tuta lako kwa mkono wako.

Sasa kiazi cha sokoni hakina kwao. Gunia moja laweza kuwa limejazwa kutoka mashamba matatu ya watu watatu, likamwagwa, likachambuliwa, likafungwa tena. Yule mama wa mezani hakudanganyi akisema "vimetoka Isyonje". Isyonje ndiko vilikopandia gari. Kabla ya hapo hajui.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalifikirii. Mkulima akivuna huuza vikubwa, hula vya kati, na vile vidogo vinavyobaki ndivyo anavyovitenga kuwa mbegu au anavyokuuzia wewe kama mbegu. Lakini kwa nini kiazi kikawa kidogo? Vingine ni vidogo kwa kuwa shina lilizaa vingi. Vingine ni vidogo kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa, majani yamejikunja, hakuwa na nguvu ya kunenepesha chochote. Ukichukua vidogo vya shamba zima bila kujua mashina yake, unachagua wagonjwa. Ukirudia hivyo misimu minne, utasema ardhi imechoka, kumbe ni mbegu.

Mimi nilianza hivyo hivyo. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilinunua madebe mawili kwenye lori lililoegeshwa kando ya barabara, mbegu safi kwa macho, zimeota vizuri. Wiki ya saba mashina yakaanza kulala mchana na kuamka jioni. Wiki ya tisa hayakuamka. Nilivuna ndoo moja na nusu kutoka kwenye madebe mawili, yaani nilivuna pungufu ya nilichopanda. Na hasara haikuishia hapo, kwa sababu lile tuta sikuweza kupanda nyanya kwa miaka kadhaa. Nitaeleza chini.

Na yale matunda ya kijani yanayoonekana baada ya maua, yana mbegu ndani. Nizipande?

Hapana. Yanafanana na nyanya changa na ndani yana mbegu kweli, lakini kila mbegu hutoa mmea wa tabia yake, hakuna atakayefanana na mama. Hiyo ni kazi ya watafiti wanaotafuta aina mpya. Wazuie watoto wasiyale, yana sumu.

Basi nianzie wapi kutafuta?

Kwa aliye Mbeya mjini, mahali pa kwanza pa kuuliza ni kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole. Ndicho kimeshughulikia viazi vya nyanda hizi tangu zamani. Usiende ukitegemea kukuta duka lenye rafu za mbegu. Nenda kuuliza: aina gani zipo msimu huu, na wakulima gani waliopata mbegu za awali, zile za kuanzishia uzalishaji, wanauza karibu nawe. Jibu la swali la pili lina thamani kuliko la kwanza.

Chanzo cha pili ni wakulima wazalishaji wa mbegu, waliosajiliwa. Wako kwenye milima ya Uporoto na Umalila kwa upande wa Mbeya, wako Makete, Njombe na Wanging'ombe, na kwa Iringa utawasikia zaidi Kilolo na Mufindi. Kuwapata ni kazi ya afisa ugani wa kata. Watu humkwepa bwana shamba au bibi shamba wakidhani ni wa wenye mashamba makubwa. Mpigie, mwambie una bustani ya nyumbani, mwulize nani katani anazalisha mbegu ya viazi iliyokaguliwa. Wengi watakujibu hapo hapo.

Cha tatu, na mimi nakipenda kuliko vyote, ni Nane Nane. Viwanja vya John Mwakangale viko huku kwetu Uyole, na kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti wazalishaji wanaleta sampuli zao na kukaa nazo mezani siku nzima. Unaweza kuwauliza maswali ya kijinga bila haraka. Agosti ni wakati mwafaka wa kuweka oda kwa ajili ya mvua za Novemba, na mtu aliyekuona uso kwa uso Agosti hakusahau Oktoba. Chukua namba za simu za watu watatu, si mmoja.

Maduka ya pembejeo yana mbegu za mboga za kila namna lakini viazi ni nadra, kwa sababu ni vizito, vinaoza na vinachukua nafasi. Ukikuta dukani, hoji kama unavyomhoji mwingine yeyote.

Mbegu iliyothibitishwa na mbegu ya daraja la kuazimiwa zinatofautianaje?

Zote mbili zimo ndani ya sheria na zote zinasimamiwa na TOSCI, ile Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu yenye makao yake Morogoro. Iliyothibitishwa imefuatiliwa hatua kwa hatua, shamba limekaguliwa, mzigo umepimwa, na inauzwa popote nchini ikiwa na lebo yake. Ya daraja la kuazimiwa huzalishwa na mkulima mdogo aliyefunzwa na kusajiliwa. Naye shamba lake hukaguliwa, lakini masharti ni mepesi kidogo na anauza kwenye eneo aliloruhusiwa, si nchi nzima.

Kwa bustani ya nyumbani daraja la kuazimiwa linatosha kabisa. Gharama yake inabebeka, na mwenye mbegu yuko karibu: likitokea jambo unajua nyumba yake.

Dai lebo. Iwe na jina la aina, namba ya mzigo na tarehe. Mtu akikuambia lebo imeanguka njiani, mwambie ahsante, salimia nyumbani.

Kwa nini bei yake iko juu kuliko viazi vya kula? Kiazi si kiazi?

Kwa sababu aliyeizalisha alipumzisha shamba misimu kadhaa bila viazi wala nyanya, alianza na mbegu ya daraja la juu aliyoinunua ghali, aling'oa kila shina lenye dalili hata kama lilikuwa limeshazaa, alikata majani kabla ya kuvuna ili ngozi ikomae, kisha akavitunza kwenye chanja miezi mitatu huku wewe ungeshavila. Bei ikiwa sawa na ya viazi vya kula, hiyo ndiyo iwe ishara ya kukutia shaka.

Nahitaji kiasi kidogo. Wauzaji wanataka gunia zima.

Hili ndilo lalamiko la kweli la watu wa bustani. Mzalishaji amezoea wanunuzi wa tani, na akifungua gunia kwa ajili ya kilo 10 zako, lebo inabaki kwenye gunia na wewe unaondoka na mfuko usio na maelezo.

Tunachofanya mtaani kwetu ni kuungana. Mwaka juzi tulikuwa watano, tukachanga nauli na gunia moja, mmoja akalifuata juu, tukaligawa kwa mizani ya duka la jirani. Lebo tuliipiga picha kila mtu akabaki nayo kwenye simu. Gawana kwa kilo, usigawane kwa ndoo, kwa maana kila mtu ana mkono wake wa kujaza na urafiki huingia dosari hapo. Kuhusu lumbesa sina haja ya kusema mengi: mbegu iliyoshindiliwa kwenye gunia lenye kilemba imeshachubuka na kuvunjika machipukizi kabla haijashuka mlima.

Kiasi gani kinanitosha?

Chukua eneo la mita 10 kwa 6. Mistari inaachana sentimita 75, kwa hiyo inaingia mistari minane. Ndani ya mstari kiazi na kiazi sentimita 30, vinakaa kama 33. Jumla ni viazi 264. Mbegu nzuri ina ukubwa wa yai la kuku, gramu 50 hadi 60, hivyo unahitaji kilo 13 hadi 16. Ni ndoo moja ya lita 20 iliyojaa.

Shina lililotunzwa bustanini hutoa nusu kilo hadi kilo nzima. Piga hesabu mwenyewe na familia yako inakula kiasi gani, kisha upunguze, kwa sababu kila mtu mwaka wa kwanza hupanda vingi kuliko anavyoweza kupalilia. Wa ekari moja wanaouliza: ni kati ya kilo 800 na 1,000.

Nikifika kwa muuzaji nimwulize nini hasa?

Hapa ndipo pa kukaa, kwa kuwa kiazi chenyewe kinakuonyesha nusu tu ya habari. Nusu nyingine iko shambani kilikotoka, na shamba hilo hulioni. Kwa hiyo unamwuliza mtu.

Mwanzo wa yote salimia. Sisemi kwa kutania. Ukimfikia mzee wa Umalila na "hii bei gani", utapewa bei na si zaidi. Ukianza na shikamoo, ukauliza mvua na watoto, ukakaa kwenye kigoda ulichopewa, atakupeleka mwenyewe nyuma kuona.

Niliyemwendea mara ya kwanza kwa mbegu za kweli alikuwa mama mmoja, nyumba yake iko mwinukoni, upepo unapiga. Nikamwuliza: "Mama, hizi zilikuwa shamba gani?" Akanionyesha kwa kidole, ng'ambo ya bonde, kipande cha pareto. Pale palikuwa na viazi msimu uliopita, kabla yake palikuwa na ngano, na kabla ya hapo pareto tena. Alitaja bila kufikiri. Nikamwuliza mbegu ya mwanzo aliipata wapi na mwaka gani. Akaingia ndani akatoka na lebo ya zamani iliyokunjwa ndani ya daftari la kikundi. Nikamwuliza alikuwa anang'oa mashina mangapi yaliyougua. Akacheka, akasema, "Mwanangu, mwaka huu niliacha kuhesabu, mvua ilikuwa kali." Jibu hilo ndilo lililonifanya ninunue. Anayekwambia hakung'oa hata shina moja ama hakutembea shambani, ama anakudanganya.

Basi hayo ndiyo maswali: shamba lilikuwa na nini kabla ya viazi, mbegu mama ilitoka wapi na hii ni mara ya ngapi kurudiwa, ilivunwa lini, na ilihifadhiwa wapi. Kisha omba kuona ghala. Akikataa kukuonyesha inapolala mbegu, kuna jambo.

Nitaitambuaje mbegu mbaya kwa macho na mikono?

Zipeleke kwenye mwanga wa jua, usikague ndani ya ghala. Chukua kama kumi kutoka sehemu mbalimbali za gunia, hasa chini. Kiazi kizuri ni kigumu ukikibonyeza kwa kidole gumba, ngozi haichubuki, machipukizi ni mafupi, manene, ya kijani au zambarau. Machipukizi marefu meupe kama nyuzi ni ya mbegu iliyofungiwa gizani, imeshamaliza nguvu.

Angalia macho ya kiazi. Udongo ukiwa umeganda kwenye jicho na sehemu nyingine ya kiazi ni kavu, kuwa macho nawe: bakteria wa mnyauko hutoa ute kupitia hapo, na udongo unanasa. Omba ruhusa ukate kimoja katikati. Ukiona duara la kahawia kuzunguka ndani, karibu na ngozi, kiminye. Likitoka tone la maziwa mazito, rudisha kisu, osha mikono, nenda nyumbani. Vitobo vidogo vyenye vumbi jeusi pembeni ya jicho ni nondo wa viazi. Vijipele na vinundu juu ya ngozi ni minyoo fundo.

Lakini kuna mtego mmoja. Kwenye baridi kali, kama miinuko inayopanda kuelekea Kitulo, bakteria wa mnyauko anaweza kukaa ndani ya kiazi bila kuonyesha chochote. Shamba zima linapendeza. Ukikishusha kiazi kile kwenye joto zaidi, sema bustani ya Iringa mjini, ndipo anaamka. Kwa hiyo sifa ya "mbegu ya baridi" ni ya kweli kwa upande mmoja: juu kule wadudu mafuta wanaosambaza virusi ni wachache. Kwa upande wa mnyauko haikuhakikishii kitu. Hapo unarudi kwenye swali la shamba.

Tayari nimepanda na mmea mmoja umenyauka. Ni kiu au ni ugonjwa?

Kata shina karibu na udongo, kipande cha vidole viwili vitatu. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi, usikitikise, subiri dakika chache ukiangalia dhidi ya kitu cheusi. Kama ni mnyauko wa bakteria utaona nyuzi nyeupe zinashuka kutoka kwenye sehemu iliyokatwa, polepole, kama moshi mwembamba unaoelekea chini. Mara ya kwanza nilipoona nilimwita mke wangu aje atazame, kwa uzuri wake, kabla sijakumbuka maana yake.

Hakuna dawa ya kupuliza. Ng'oa shina hilo na udongo wake, na viazi vyake vyote hata vidogo, litoe nje ya bustani, usilitupe kwenye mboji. Jembe lioshe. Usimwagilie kwa kuachia maji yatiririke kutoka tuta hilo kwenda mengine. Kisha kwa miaka kadhaa usipande hapo viazi, nyanya, nyanya chungu, biringanya wala pilipili, ni ukoo mmoja. Panda mahindi, vitunguu, kabichi, karoti. Na viazi vinavyojiotea vyenyewe msimu unaofuata ving'oe vyote, ndivyo vinavyomlinda bakteria asife njaa.

Nichague aina gani?

Watu hutumia muda mwingi hapa, na mimi naona si mahali pa kutumia muda. Mbegu safi ya aina ya kawaida itaishinda mbegu chafu ya aina maarufu.

Ila kwa kuwa mmeuliza. Kikondo ni ya zamani na wazee wengi wanaipenda kwa chakula cha nyumbani. Asante na Sherekea ni za ngozi nyekundu, ziliidhinishwa nchini mwaka 2012 pamoja na Meru na Tengeru 97. Sherekea inajitahidi dhidi ya ule ukungu wa majani, na kwa mtu asiyetaka kupuliza dawa kila wiki hiyo ni sifa kubwa. Zipo pia zenye asili ya Ulaya kama Sagitta, Jelly na Markies. Wauza chipsi wanaitafuta Sagitta. Wewe kama unapika rosti na kuchemshia watoto huna haja ya kuwafuata wauza chipsi.

Majina ya sokoni usiyaamini sana. Utasikia Arika, Kagiri, Obama, na kiazi kilekile kikaitwa jina moja Isyonje na jingine Njombe. Jina lililo kwenye lebo ndilo jina.

Ninunue mwezi gani?

Hesabu kurudi nyuma. Mvua zetu zinaanza Novemba. Kiazi kikishavunwa hulala, vingi miezi miwili hadi mitatu, hakioti hata ukikibembeleza. Kwa hiyo mbegu ya Novemba iwe imevunwa kati ya Juni na Agosti. Ukiuziwa Oktoba mbegu iliyovunwa Septemba, utaipanda ikiwa usingizini, itakaa ardhini wiki nyingi, nusu itaoza.

Nunua Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, ukae nayo nyumbani mwenyewe. Wanaopanda Februari na Machi, na wale wa vinyungu vya Iringa wanaopanda kiangazi kwa unyevu wa bonde, wafanye hesabu ileile kwa miezi yao. Wa mabondeni wakumbuke baridi ya Juni na Julai: jalidi ikishuka usiku mmoja majani yanakuwa meusi asubuhi kama yamemwagiwa maji ya moto.

Zile video za Waingereza za kupanda Machi na kuotesha viazi dirishani kwenye trei za mayai, tazama kwa burudani. Trei za mayai zinafaa. Kalenda yao ni ya kwao.

Nitazihifadhije hadi siku ya kupanda?

Mwanga bila jua, na hewa. Usizifungie stoo yenye giza wala usiziache kwenye gunia. Mimi natumia baraza ya nyuma, chini ya paa linalotokeza. Nimepiga chanja mbili za mabanzi, nazitandaza safu moja au mbili, na mbele nimening'iniza chandarua cha zamani kuzuia nondo. Wakulima wengi huweka na majani makavu ya mkaratusi katikati. Mimi pia naweka. Kila Jumamosi napita mkono, chenye ulaini nakitoa. Kuku wazuieni, wanapenda machipukizi.

Zikichipua mapema kwa chipukizi moja refu juu ya kichwa, livunje kwa kidole. Mengine ya pembeni yatatoka, na shina lenye machipukizi manne linazaa kuliko la moja.

Zisipoota kabisa na mvua zinakaribia, zitie kwenye gunia jepesi, uweke mahali pa joto kama jikoni kwenye kuni, uchungulie kila baada ya siku chache. Macho yakianza tu kuchungulia, zirudishe kwenye mwanga.

Naweza kukata kiazi kikubwa nipate mbegu mbili?

Nchi nyingine wanakata. Huku kwetu, penye mnyauko, kisu kimoja kinaweza kubeba ugonjwa kutoka kiazi kimoja hadi gunia zima, na kidonda kinakaribisha uozo udongo ukiwa na maji. Kikubwa ukile, kipande kidogo cha akiba hakina thamani hiyo. Ukilazimika, chovya kisu kwenye maji yenye Jik kila baada ya kiazi, kila kipande kiwe na macho mawili au zaidi, na uviache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke.

Shemeji anakuja kutoka Kenya. Aniletee mbegu kidogo kwenye begi?

Hapana, wala kutoka Malawi kwa kupitia Kasumulu. Mbegu ya kuvuka mpaka inahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea cha huko ilikotoka, na mwenye dhamana ni TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Inaonekana ni urasimu mpaka ufikirie mdudu mmoja mgeni kwenye begi la shemeji ameshuka Uporoto.

Nikishanunua mbegu nzuri mara moja, nitaweza kuitumia tena mwakani?

Ndiyo, na unapaswa, kwa misimu kadhaa, lakini kwa kuchagua. Siri ni kuchagua mashina yangali hai, si viazi baada ya kuvuna. Mimea ikikaribia kutoa maua, pita asubuhi na vijiti. Kila shina lenye afya, majani mapana yaliyonyooka, bila mabaka ya njano wala kujikunja, na majirani zake wako salama, lichomekee kijiti. Rudi baada ya wiki mbili; lililobadilika ling'olee kijiti. Wakati wa kuvuna chimba kwanza yenye vijiti, shina moja moja. Lenye viazi vingi vya ukubwa mzuri weka mbegu. Lenye viwili vitatu kula, hata kama lilipendeza juu.

Wiki mbili kabla ya kuvuna kata majani yote. Ngozi inakaza, na ukungu uliopo juu hauna njia rahisi ya kushuka kwenye viazi.

Mavuno yakianza kushuka msimu hadi msimu huku mbolea ni ileile, usiongeze mbolea. Nunua mbegu mpya.

Sina bustani, nina uwanja wa sementi. Magunia yanafaa?

Yanafaa. Gunia lenye matundu chini, kunja mdomo hadi robo, weka udongo na samadi iliyooza vizuri, kiazi kimoja au viwili, kisha uwe unapandisha udongo na kukunjua gunia shina linavyorefuka. Udongo usiuchote kwenye bustani ya nyanya. Kwa kweli mtu wa magunia ana bahati: kilo moja ya mbegu, viazi kama 18, inamtosha, na mnyauko ukiingia unatupa gunia moja tu.

Nimepanda zimebaki. Naweza kuzipika?

Zilizokaa kwenye mwanga zimekuwa za kijani na zina sumu inayochachisha tumbo; kumenya na kuchemsha hakuimalizi. Usipike, na usimpe nguruwe. Kama mvua bado ina wiki tatu nne mbele, gonga kwa jirani. Kama amejaza kwake pia, stooni kwangu kuna magunia matupu ya saruji, napanda hata kwenye hayo.